Karatasi ya Getini

Kila asubuhi kabla ya shule, Atuganile alifagia uwanja wa nyumba yao huko Goba. Jumatatu hiyo mama yake alikuwa ameshaondoka kwenda Mwenge kwenye cherehani yake wakati Mzee Jabiri, mjumbe wa mtaa, alipofika na kopo la rangi nyekundu na karatasi kwapani. Aliitazama nyumba juu hadi chini, akapaka namba ukutani, akabandika karatasi getini, akaenda zake bila hata kupiga hodi.

Rangi nyekundu! Atuganile aliutupa ufagio, akakimbilia getini. Mwaka uliopita nyumba za kando ya barabara zilipakwa alama nyekundu, na haikupita wiki mbili tingatinga likaja kuzibomoa. Alisoma mstari wa kwanza tu: TANGAZO KWA WAKAZI WA NG'AMBO YA KORONGO. Akaibandua karatasi, akaificha ndani ya daftari la hisabati. Mtoto huyu naye! Alidhani tangazo likifichwa, na jambo lenyewe limekwisha.

Wiki nzima alimtazama mzee yule kwa jicho baya. Mzee akizungumza na jirani, Atuganile aliona wanasengenywa wao. Hata Rukaiya, binti wa mzee, aliyekaa naye dawati moja, Atuganile alimnunia.

"Muulize baba'ko anatafuta nini kwetu," alimwambia.

Jumapili ilikuwa siku ya mwisho ya kujiandikisha kwa uchaguzi wa serikali za mitaa. Jioni mama alirudi kutoka kituoni amefura.

"Karani kakataa kuniandika! Eti mie si wa pale, na miaka tisa nakaa hapa! Nilitaka nimchague mwenyekiti atakayesimamia kivuko, mvua zikija usisombwe na maji korongoni ukienda shule. Huyu Jabiri ndiye kanifanyia njama."

Mara hodi ikapigwa. Alikuwa Mzee Jabiri mwenyewe.

"Shikamoo," Atuganile alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Mama Atu, mbona jina lako silioni kwenye daftari la mtaa mpya? Kituo kinafungwa saa kumi na mbili."

"Mtaa mpya upi?"

"Si nilibandika tangazo? Mtaa umegawanywa, mpaka ni korongo. Kata ni ileile na diwani ni yuleyule, ila nyie wa ng'ambo hii mtakuwa na mwenyekiti wenu. Ndiyo maana nikawapa namba mpya."

"Na kadi yangu ya kura?"

"Hiyo ni ya kumchagua diwani, mbunge na rais. Mtaa una daftari lake."

"Namba niliiona, lakini hapa hapakuwa na tangazo, Baba Rukaiya. Usinifanye mtoto!"

Atuganile aliona aibu. Akinyamaza, mama angekosa kura na mzee angebaki mwongo. Aliingia ndani, akarudi na daftari la hisabati, akachomoa karatasi na kumpa mama.

"Ni mimi, mama. Nilidhani wanatubomolea."

Mama alitazama saa: kumi na moja na nusu. Alijifunga khanga, wote watatu wakapanda kilima mbiombio hadi kituo cha mtaa mpya. Karani wa pale alikuwa ameanza kukusanya vitu vyake. Jina la mama likaandikwa la mwisho.

"Nisamehe, Baba Rukaiya," mama alisema akihema. "Nilikuwazia mabaya."

"Hata mie nilikosea. Ningepiga hodi." Mzee alimgeukia Atuganile. "Mwanangu, kushuku si dhambi. Hata kura huhesabiwa mbele ya mawakala wa vyama, kwa sababu watu hushukiana. Lakini mwenye shaka husoma mpaka mwisho, kisha huuliza. Wewe ulisoma mstari mmoja, ukahukumu. Kesho umwombe Rukaiya radhi."

"Ndiyo, mzee."

Mama akamrudishia ile karatasi iliyokunjamana. "Haya, soma. Kwa sauti, mpaka mwisho."

Atuganile akaanza kusoma palepale mlangoni pa kituo.