Soksi Gizani

Kila alasiri, kengele ya michezo ikilia, bweni letu la wasichana humwagika uwanjani kama maharagwe yaliyotoboa gunia. Siku ile mwenzetu Kiberiti hakwenda. Alikuwa na wajibu mtukufu: kulipiza kisasi.

Jirani yake wa kitanda, tuliyemwita Kengele kwa kuwa siri haikai kinywani mwake bila kulia, alikuwa amemchongea kwa matroni kuhusu gundi aliyopaka kwenye ndara za kiranja. Kiberiti akasugua vyoo juma zima, akinoa hasira.

Katika maabara, chupa zao mbili zilikaa ndani ya sanduku lenye taa ya buluu iliyowashwa saa ya michezo tu, zikiwa na kemikali zilezile na chumvi ya chuma kidogo. Mwalimu wa Kemia alikuwa ameeleza kwamba chuma kikipigwa na mwanga huwa mshenga: huiozesha kaboni kwa kaboni zikaungana, kisha hubaki kilevile, tayari kwa harusi nyingine. Atakayefaulu angekwenda wakati wa likizo kujifunza katika maabara ya chuo kikuu.

Kiberiti akaivika chupa ya Kengele soksi yake nyeusi.

“Lala unono, bibi mchongezi.”

Wenzake walipokaribia kurudi, akaivua.

Mwalimu alipopima, chupa ya Kiberiti ilitoa doa jipya kwenye ukanda wa kupimia, ishara kwamba kaboni zimeungana. Ya Kengele, patupu. Kengele akaangua kilio. Kiberiti akakiona kitamu kuliko asali.

“Hongera,” mwalimu akasema. “Lakini taa hii hutoa joto pia. Nitajuaje kazi imefanywa na mwanga? Bila chupa iliyokaa gizani kwenye joto hilohilo, simpeleki mtu.”

Kiberiti akainua mkono, safari isimponyoke. Chupa hiyo ilikuwa mezani.

“Mwalimu… ya Kengele ilikaa gizani. Niliivika soksi.”

“Soksi? Safi?”

“Si sana, mwalimu.”

“Nilijua tu! Mchawi mkubwa wewe!” Kengele akafoka.

Chupa yake ikarudishwa kwenye taa, nayo ikatoa doa. Safari ikawa ya Kengele. Kiberiti akapewa chupa za maabara nzima aoshe.

“Binti,” mwalimu akamwambia, “umesema kweli, nashukuru. Lakini gizani chuma hiki hakiungi kitu, na kisasi cha gizani vilevile. Ukikosewa, mkabili mwenzio mchana kweupe.”

Kengele alisikia, akatii. Kesho yake mchana, ubao wa maonyesho aliouandika ulisomeka hivi mbele ya shule nzima: “Vifaa: taa, chupa mbili, chumvi ya chuma, na soksi ya Kiberiti, haijafuliwa.”