Kimfuko Kilichopotea Kabuchai

Dola zilikuwepo. Kamera ilikuwepo. Simu mbili za bei ghali zilikuwepo. Kilichotoweka ni kimfuko cha kijivu chenye zipu, kikubwa kiasi cha Biblia ya mfukoni.

Inspekta Wahome wa upelelezi, Bungoma, aliliinamia begi lililokuwa wazi juu ya kochi.

"Kilikuwa na nini ndani?"

"Mswaki, soksi, kitambaa cha kufunika macho," alijibu Eliakim, mwenye begi. "Vitu unapewa kwa ndege ukikaa bizinesi. Na pasipoti yangu. Na kadi ya ukaazi ya Amerika."

"Pasipoti umeiweka pamoja na soksi?"

Eliakim aliona haya. "Nilikipenda tu hicho kimfuko, afande."

Alikuwa mtu mzima mwenye mvi za mapema, muuguzi katika makao ya wazee huko Minnesota. Alikuwa hajakanyaga Kabuchai tangu baba yake alipozikwa. Mwaka huo wa 2006 alikuja kula Krismasi na mamake, na asubuhi hii ya Januari majirani walikuwa wamekusanyika kwa maombi ya kumuaga. Gari lake la kwenda Nairobi lilikuwa jioni hii, na ndege yake kesho usiku. Asiporipoti kazini siku aliyopewa, nafasi yake ingekwenda kwa mwingine, na bila kimfuko kile asingevuka hata mlango wa uwanja wa ndege.

"Nani alijua unaweka pasipoti humo?"

"Kila mtu. Nimeisimulia hiyo safari mpaka wakachoka."

"Nisimulie na mimi."

Eliakim alitazama sakafu. Alikuwa amemwuguza mzee mmoja tajiri kwa miaka mingi. Mzee alipofariki, wanawe wakamkatia tiketi ya daraja la biashara, kwenda na kurudi, kama asante. Kiti kililala kikawa kitanda. Uma ulikuwa wa chuma, sahani ya kauri. Mhudumu alimwita kwa jina lake.

"Halafu nikasinzia," alisema, "na yeye akakuja akanifunika blanketi. Polepole, mpaka shingoni. Alidhani nimelala."

Alisema hayo kwa sauti ya mtu anayetaja mahali alipofurahia sana na hajui kama atarudi. Kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, mamake, Mama Nabwile, alikuwa akichambua maharagwe. Mikono yake ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

Kizito, kitinda mimba wa nyumba, hakuweza kuvumilia. "Afande, unapoteza wakati bure. Ni Wekoye. Shemeji yetu. Jana mbele ya watu wote aliomba apewe hicho kimfuko, ati ni kizuri. Na leo maombi hayajaisha, ameshawasha pikapu ameenda Kitale. Ati kuona mtoto!"

"Usiseme mkwe wangu hivyo," Mama Nabwile alisema bila kuinua macho. "Wekoye hajachukua kitu."

"Mama, wewe unamtetea kila siku."

"Mmetafuta wapi?" Wahome aliuliza.

"Kila mahali," alisema Kizito. "Jikoni, ghalani, kwa kuku, kwa miwa huko nyuma. Mpaka choo tumemulika na tochi."

"Na chumba cha mama?"

"Nimetafuta mwenyewe," alijibu mama.

Wahome aliridhika na jibu hilo. Baadaye angejilaumu, maana mpelelezi halipwi mshahara ili aridhike.

Alipuliza unga kwenye zipu ya begi kutafuta alama za vidole. Zilipatikana nyingi mno, za kila mtu aliyekula kuku asubuhi ile kisha akasaidia kupekua begi. Akafunga kopo lake na kutoka nje. Upande wa kushoto wa boma aliona kijumba kipya cha udongo kilichopigwa lipu vizuri, mabati yakimetameta, mlango umetiwa kufuli.

"Hii ni ya nani?"

"Ni simba yangu, nyumba ya mwana wa kiume," alisema Eliakim. "Si unajua mwanaume akishatahiriwa halali nyumba moja na mamake. Sikuwa na nyumba hapa, so mama akanijengea."

"Unalala humo?"

"Hapana, nimekuwa nalala hoteli Bungoma, mpaka leo asubuhi. Mgongo wangu unasumbua." Akajikwaruza shingo. "Na mtandao, unajua."

Wahome alijua. Nyumbani kwake Kitale kulikuwa na kitanda kilichotandikwa kila Jumamosi. Kilikuwa cha binti yake Nyaruai, aliyekwenda Australia kusoma na akakawia huko mpaka lafudhi yake ikabadilika. Mkewe Wahome alikuwa akibadilisha shuka ambazo hakuna aliyezilalia, naye Wahome hakuwahi kumwuliza kwa nini.

Alimwamuru dereva wake, Konstebo Kiplangat, aelekee Kitale.

Wekoye aliishi mtaa wa Matisi, nyuma ya kibanda chake cha vipuri vya baiskeli. Walimkuta amempakata mtoto mchanga, mkewe Agneta ameketi kitandani akinywa uji. Agneta alikuwa dadake Eliakim. Hakwenda Kabuchai kwa sababu alikuwa amejifungua juzijuzi tu.

"Kimfuko kiko wapi?" Wahome alianza bila salamu.

"Kimfuko gani tena?"

"Cha Eliakim. Chenye pasipoti."

Wekoye alimpa mkewe mtoto taratibu. "Kimepotea? Na mimi ndio nimetajwa?"

"Ulikiomba jana."

"Nilikiomba kwa mchezo, bana! Nilitaka kumwekea mtoto soksi ndani, akikua aambiwe mjomba wake alipanda ndege mbele, na wakubwa."

"Kwa nini uliondoka kabla ya maombi kuisha?"

"Nilimwacha mwanamke mzazi bila maji, afande. Nilitoroka pasta. Hiyo nakubali. Mnifunge kwa hiyo."

Kiplangat aligeuka pembeni kuficha kicheko. Wahome hakucheka.

"Begi lilikuwa sebuleni juu ya kochi. Wewe uliingia mle ndani mara ngapi?"

"Ndani wapi?"

"Nyumba ya mama mkwe wako."

Wekoye na Agneta walitazamana, wakaangua kicheko kwa pamoja hata mtoto akashtuka.

"Afande, mimi sijaingia hiyo nyumba tangu nioe! Mama mkwe? Chakula naletewa nje, chini ya hema. Yeye akipita huku, mimi napita kule. Tukikutana njiani mmoja anaingia kwa miwa. Hiyo kochi unasema, sijui hata rangi yake."

Wahome alijihisi mjinga. Alikuwa amezaliwa papa hapa Trans-Nzoia, kwenye shamba ambalo babake alilinunua alipohamia kutoka Nyeri, na majirani wao wa kushoto walikuwa Wabukusu kama hawa. Tangu utotoni alikuwa amewaona wakwe wakikwepana vichochoroni. Alikuwa ameijua desturi hii kabla ya kujua kusoma, na leo ilikuwa imemtoka kabisa.

Akamgeukia Agneta. "Na kaka zako? Kizito anasema wametafuta kila mahali. Wangeweza kupekua chumba anacholala mama?"

Kicheko cha Agneta kilikatika.

"Chumba cha mama? Wanaume wametahiriwa? Hapana, afande. Hata moto ukishika, hao wangesimama nje waite mwanamke."

"Na mwanamke mwingine wa nyumba ile ni nani?"

"Ni mimi," alisema Agneta polepole. "Na mimi niko hapa."

Mtoto alinyonya kwa kelele. Agneta akafunika uso kwa kiganja. "Ayi, mama," alisema. "Ayi, mama yangu."

Wekoye alichukua funguo za pikapu. "Nakuja nyuma yenu. Kama shemeji atasafiri, nani atampeleka Eldoret akapande gari ya Nairobi? Kizito?"

Jua lilikuwa limeanza kuinama waliporudi Kabuchai. Wahome aliwaomba Eliakim na Kizito wangoje nje, mlangoni. Mama Nabwile alikuwa palepale kwenye kigoda chake, ungo wa maharagwe magotini, na maharagwe yalikuwa yameisha kuchambuliwa zamani.

Wahome alichuchumaa ili amtazame sawa kwa sawa.

"Mama, mimi ni mtoto wa wengine. Mimi naweza kuingia chumbani kwako. Lakini sipendi. Nakuomba ukilete mwenyewe."

Mama hakubisha. Aliweka ungo chini, akaingia chumbani, akatoka na kimfuko cha kijivu kimefungwa ndani ya leso. Alikuwa amekiweka chini ya mto wake.

"Nifunge," alisema, akinyoosha mikono. "Lakini Wekoye asiguswe."

Kizito aliguta mlangoni. Eliakim aliweka mkono juu ya fremu.

"Kwa nini, mama?" Wahome aliuliza.

"Nilitaka akose hiyo gari ya leo jioni tu. Kesho ningekitupa karibu na kuku, wakiokote. Si nilisikia ndege yenyewe ni kesho? Nilitaka leo alale hapa."

"Ungemwambia."

"Nimemwambia tangu Krismasi. Anasema mgongo." "Nimejenga hiyo nyumba na pesa ya mahindi. Kila asubuhi naamka nasikiliza. Nilitaka kumsikia mtoto wangu akikohoa asubuhi hapa kwetu. Mara moja. Mimi siwezi kuingia simba yake, si ruhusa, lakini kikohozi kinasikika mpaka jikoni. Halafu anakaa hapo anatuambia ati kuna mwanamke amemfunika blanketi huko mawinguni. Mtu asiyejua hata mamake Eliakim ni nani! Mimi tangu atahiriwe sijamfunika. Siruhusiwi. Usiku wote nilifikiria huyo mwanamke. Nilimwonea wivu, afande. Mzee kama mimi."

Machozi yalimtoka waziwazi.

Eliakim aliingia, akapiga magoti mbele ya kigoda.

"Mama, mimi kazi yangu ni kufunika wazee wa watu. Kila siku, kitanda hadi kitanda. Yule mwanamke aliponifunika, nililia chini ya blanketi kama mtoto, kwa sababu hakuna mtu amenifunika tangu nitahiriwe. Ndio maana nimeongea juu yake hivyo. Si yeye nilikuwa nataka." Akafuta uso kwa mkono wa shati. "Na mgongo hauna shida. Niliogopa. Nikilala hapa usiku mmoja, sijui kama nitaweza kupanda ile ndege."

Mama aliweka kiganja juu ya kichwa chake chenye mvi, kisha akakiondoa haraka, kana kwamba hata hilo lingekuwa limezidi mpaka.

Wahome alisimama. Akakichukua kimfuko, akakigeuza huku na huku.

"Hiki ni kielelezo," alisema kwa ukali mwingi kuliko uliohitajika. "Hakiwezi kutolewa leo. Kitahifadhiwa mahali salama mpaka alfajiri."

"Wapi, afande?" Kizito aliuliza.

"Kwa mama." Akakirudisha kwenye leso, akamkabidhi. "Wekoye atamchukua mlalamikaji alfajiri, ampeleke Eldoret. Na wewe Kizito, yuko hapo nje kwa hema. Nenda ukamwombe msamaha."

Akatoka kabla uso wake haujaonekana. Karibu na gari alitoa simu, akaitafuta namba ya Nyaruai, akabonyeza. Huko Australia kulikuwa bado hakujapambazuka, lakini aliiacha iite.

Nyuma yake kufuli ilifunguliwa. Eliakim aliinama akaingia kijumbani, akajaribu kitanda, nacho kikalia. Mama Nabwile alikuja na blanketi jipya la mistari, bado kwenye nailoni ya dukani, akasimama mlangoni pale ambapo miguu yake iliruhusiwa kufika. Akalinyoosha ndani kwa mikono miwili. Mikono miwili ikalipokea.

Kisha, kutoka gizani mle, Eliakim alikohoa. Alikohoa kwa makusudi, kwa nguvu.

"Bado si asubuhi," mama alisema, akicheka na kulia. "Lakini nimesikia, baba. Nimesikia."