Mita Mbili za Baiskeli

Kila asubuhi Verediana alifunga tenga la perege nyuma ya baiskeli yake, akatoka kivukoni kwenda soko la Ifakara. Malori yalimpigia honi. Alishuka kwenye mchanga, akasukuma, akapanda tena. Mwaka uliopita lori lilimgonga mumewe, Fulgensi, katika barabara hiyohiyo. Tangu hapo Fulgensi alitembea kwa kuegemea gongo.

"Mama Levina, iuze hiyo baiskeli," Fulgensi alimsihi mkewe. "Gongo humu ndani ni moja tu."

"Nikiiuza, samaki watatembea wenyewe hadi sokoni?"

Kisha zikaja habari za barabara mpya. Mchoro wake ulibandikwa kwenye ofisi ya kata. Jirani yao Theodosia, fundi wa barabara aliyestaafu, alikwenda na Verediana kuutazama. Ulionyesha njia nne za magari, na maegesho pande zote mbili.

"Baiskeli zitapita wapi, dada?" Verediana aliuliza.

"Njia ya bondeni."

"Ile inayomezwa na maji masika yote? Basi biashara yangu imekwisha. Viongozi si waliahidi usafiri usioharibu mazingira?"

"Waliahidi. Na baiskeli ndiyo usafiri huo. Haitoi moshi, hainywi mafuta, haihitaji nafasi kubwa. Lakini waliohesabiwa ni magari, ninyi hamkuhesabiwa. Mpango haujapitishwa bado, na mwananchi ana haki ya kutoa maoni. Tuhesabu."

Kwa siku tatu walikaa njia panda na ubao na chaki. Wauza samaki na wakulima wa mpunga walipokezana. Katika kila vyombo kumi vilivyopita, saba vilikuwa baiskeli.

Siku ya mkutano wa hadhara, mwenyekiti wa kamati ya barabara, Mheshimiwa Octavian, alitabasamu aliposikia hesabu hiyo.

"Mama, mji unakua. Baiskeli ni mambo ya kijijini."

Baadhi ya watu walicheka. Verediana hakucheka.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba."

"Sisi saba kati ya kumi tupo wapi kwenye mchoro huu? Nionyeshe kwa kidole."

Octavian aliutazama mchoro. Kidole chake hakikupata pa kutua.

"Tutalifanyia kazi," alisema.

"Neno hilo tumelizoea. Liandikwe kwenye muhtasari, lisomwe hapa, tulisikie."

"Mkutano umefungwa!"

"Umefungwa kwako, Mheshimiwa. Sisi tupo."

Hakuna aliyeinuka. Jua lilipanda, na watu walibaki wameketi kama waliopandwa. Theodosia alisimama.

"Jambo lenyewe si gumu. Ondoeni maegesho. Kila upande utapata mita mbili za baiskeli. Jengeni ukingo wa zege, lori lisiweze kuingia."

Octavian alimgeukia mhandisi wake. Mhandisi alipima kwenye mchoro kwa rula.

"Inawezekana," alikiri.

Katibu aliandika. Alisoma kwa sauti, na Verediana akamtaka arudie yale maneno ya ukingo wa zege. Akayarudia. Octavian alitia saini mbele ya watu wote, na mwezi uliofuata madiwani waliupitisha mpango mpya.

Barabara ilikamilika mwaka mmoja baadaye. Verediana alifika sokoni mapema, samaki wake wakiwa bado wabichi. Hakushuka tena kwenye mchanga, na Fulgensi hakutaja tena kuuza baiskeli.

Asubuhi moja alikuta gari limeegeshwa ndani ya njia ya baiskeli, pale ukingo ulipoacha nafasi ya kuingilia dukani. Kwenye usukani alikaa Octavian.

"Pita pembeni, mama. Nipo dakika moja tu."

Verediana alishusha stendi ya baiskeli yake.

"Pembeni ni kwa malori, Mheshimiwa. Saini yako inasema hapa ni kwangu. Nitasubiri."

Nyuma yake baiskeli zilianza kusimama, mbili, tano, kumi. Kengele zikalia. Hakuna aliyepita pembeni.

Octavian aliwasha gari, akalirudisha barabarani polepole. Verediana alikunja stendi, akapanda, akapita katikati ya njia.