Uzi na Ulimi

Sogeeni karibu, watoto. Haya yalitokea juu kabisa, katika milima ya Upare, kwenye ukungu na baridi.

Huko aliishi Nakijwa, na mama yake, na kaka yake Elisante.

Usiku mvua ilinyesha. Tip, tip, tip! Asubuhi migomba yote ilikuwa imelowa chapachapa.

Nakijwa aliliviringisha gogo la mgomba lililooza. Lo! Chini yake walikuwa wadudu wawili wa ajabu.

Mmoja alikuwa mwembamba, mrefu, mweusi. Mwingine alikuwa mpana, bapa, wa kahawia. Wote wawili waling'aa kama wamepakwa mafuta.

"Ruba!" Elisante alipiga kelele. Akaruka nyuma, puu, akakaa kwenye tope.

Mama akaja, akainama. "Hawa si ruba. Ni minyoo bapa, hawanyonyi damu. Ila usiwashike kwa mkono, Nakijwa."

Nakijwa aliwasukuma kwa jani. Akawatia kwenye bakuli lenye udongo na majani mabichi.

Yule mwembamba akamwita Uzi. Yule mpana akamwita Ulimi.

Wakateleza, na Nakijwa akawaimbia:

*Telee, telee, teleza pole pole.*
*Tumbo lako linataka nini leo?*

Akawapa ugali. Hawakula.

Akawapa mchicha. Hawakula.

Akawapa ndizi mbivu, kipande kitamu kabisa. Uzi akapita kushoto. Ulimi akapita kulia. Hawakula!

Siku zikapita. Asubuhi moja Nakijwa akachungulia ndani ya bakuli. Akashtuka!

"Mama! Mama, njoo! Ulimi amekuwa mdogo!"

Kweli, Ulimi alikuwa amepungua. Uzi naye alikuwa amepungua. Njaa ilikuwa inawamaliza.

Machozi yakamlengalenga Nakijwa. "Watakufa, Mama?"

"Wakikaa humu, watakufa," Mama akasema. "Sisi hatujui wanachokula. Wao wanajua. Warudishe kwao, mwanangu, kisha uwatazame."

Nakijwa hakutaka kuwaacha. Lakini alilibeba bakuli mpaka migombani. Taratibu, akawamimina chini.

Akachuchumaa. Elisante naye akachuchumaa, ila mbali kidogo.

*Telee, telee, teleza pole pole.*
*Tumbo lako linataka nini leo?*

Uzi akafika kwenye tundu dogo ardhini. Akaingiza kichwa. Akaingiza shingo. Akaingia wote, churuuu!

"Kaenda wapi?" Elisante akanong'ona.

Mara udongo ukatikisika. Nyungunyungu akachomoza nje, mbio mbio! Uzi akachomoza nyuma yake, akamzunguka, akamshika.

"Anakula!" Nakijwa akapiga makofi. "Uzi anakula nyungunyungu!"

Sasa Ulimi akalifikia lile tundu. Akaingiza kichwa. Akasukuma. Akasukuma tena. Wapi! Mwili wake haukupita.

"Tumbo pana, mlango mdogo," Elisante akacheka.

"Usimcheke!" Nakijwa akasema. "Ana njaa." Akaokota kijiti ili alipanue tundu.

Lakini Ulimi hakungoja. Aligeuka, akaanza kupanda mgomba.

*Telee, telee, teleza pole pole.*
*Tumbo lako linataka nini leo?*

Juu ya mgomba alikuwepo konokono mnene, amebeba nyumba yake.

Ulimi akamfikia. Akampanda mgongoni. Akajitandaza, akamfunika kama mama anavyomfunika mtoto kwa kitenge. Konokono akatoa povu, fuu, fuu! Ulimi hakumwachia.

"Pole, konokono," Nakijwa akasema polepole.

"Mimi simpi pole," Elisante akasema. "Hao ndio wanaotafuna miche yetu ya kabichi."

Nakijwa akakitupa kijiti chake. Akafikiri. Akafikiri sana, mpaka akakunja uso.

"Kaka, Uzi angeweza kumfunika konokono?"

"Thubutu! Mwembamba vile? Angefunika pembe tu."

"Na Ulimi hawezi kuingia kwenye tundu la nyungunyungu."

Nakijwa akasimama. Akakimbia, chapa chapa chapa, mpaka jikoni.

"Mama! Nimejua! Mwembamba anaingia, mpana anafunika! Kila mmoja ana mwili wa chakula chake!"

Mama akaacha kukoroga chungu. "Hee! Hilo hata mimi sikulijua. Nani kakuambia?"

"Wenyewe," Nakijwa akasema. "Nimewatazama."

Mama akamkumbatia, na tope lake lote. Kisha akamnawisha mikono kwa sabuni. Akamnawisha tena.

Giza lilipoingia, wakakaa karibu na moto. Mama akapakua makande ya moto, yenye maharage mengi.

"Mama," Nakijwa akauliza, "na mimi mwili wangu ni wa kula nini?"

Mama akamtazama juu mpaka chini. "Hebu tuone. Una meno ya kutafuna. Una vidole vya kushika kijiko. Nadhani huu ni mwili wa kula makande."

Nakijwa akacheka, akala, akamaliza. Akaongezewa, akamaliza tena.

Walipopanda kitandani, Elisante akamgusa begani.

"Nakijwa, kesho twende tukawaone. Safari hii nitakaa karibu. Karibu kabisa. Utanishika mkono?"

Nakijwa alikuwa tayari amelala fofofo, tumbo limejaa ndi!