Kadi Mbili, Kasha Moja

"Pole, dada. Mtoto ana homa?"

Sindano aligeuka. Jengo la mafundi wa vyombo vya umeme lilikuwa limefurika watu, redio zinashindana kupiga kelele, harufu ya lehemu imekaa kooni. Yeye alikuwa amebanwa katikati ya foleni, amepakata kitu alichokifunga kwenye shali ya manjano. Aliyemuuliza alikuwa kijana mrefu, shati la bluu amelichomekea upande mmoja tu, na nyuma ya sikio ameweka bisibisi kama wengine wanavyoweka ua.

"Ana homa kali," Sindano alijibu, akafunua shali. Ndani ililala kadi ya picha ya kompyuta, nene kama mkate, feni zake zimetulia.

Kijana alicheka mpaka bisibisi ikaanguka. "Basi mimi ndiye daktari wake. Wananiita Bisibisi."

"Madaktari wa humu wote wanaanza kwa kucheka, halafu mgonjwa anarudi bila feni."

"Duh! Dada una maneno makali."

"Ndiyo maana wananiita Sindano."

Kazi yake ilikuwa kushona magauni ya maharusi. Jioni, akishafunika cherehani, alicheza gemu ya mbio za magari, na watu walimtazama mtandaoni. Kadi yake ilikuwa na nguvu, lakini ilicheza gemu na papo hapo kurusha picha kwa watazamaji, na kila ilipozidiwa, skrini ilizimika katikati ya kona. Bisibisi alimsikiliza, akakuna kidevu.

"Haiumwi. Imechoka kufanya kazi za watu wawili. Mimi ninayo kadi nyingine, ndogo, ya zamani kidogo. Tuziweke kasha moja. Yako icheze, yangu irushe."

"Na wewe unapata nini?"

"Nitakuwa nakuja kuijulia hali kadi yangu."

Sindano alimtazama juu mpaka chini. Mchumba wake wa zamani naye alikuwa na ulimi wa asali hivyo hivyo. Siku moja alileta koti lipunguzwe kiuno, na Sindano akakuta mfukoni hereni isiyo yake. Hakuuliza. Alilipunguza koti, akalipiga pasi, akamrudishia pamoja na hereni na pete ya uchumba. Tangu hapo alijiapia: akiona dalili, hangojei maelezo.

Hata hivyo alimpa Bisibisi maelekezo ya kwake.

Chumba cha kushonea kilikuwa kimejaa magauni meupe yaliyotundikwa, na kompyuta ilikaa mezani ubavuni mwa cherehani. Kwenye kiti cha dirishani alikaa bibi yake, ambaye miguu yake ilishikwa na baridi hata siku ya jua. Sindano alikuwa akimzibia tundu la kidole kwenye soksi yake ndefu ya nailoni ya kahawia, kwa uzi wa kijani, maana wa kahawia ulikuwa umekwisha.

"Huyu ndiye mume wangu mpya?" bibi aliuliza.

"Ni fundi tu, bibi."

"Mke mwenzangu, mbona umejipaka wanja kwa ajili ya fundi tu?"

Bisibisi alijifanya hakusikia. Alichomeka kadi nene juu, yake fupi chini, akawasha. Muda si mrefu ya juu ilianza kuvuma kama nyuki.

"Umeona!" alisema Sindano. "Yako inaichoma yangu."

"Inaiziba pumzi. Feni za yako zinavuta hewa kwa chini, na yangu imekaa hapo hapo puani." Akaichomoa, akaihamishia nafasi ya mwisho kabisa, mpaka kiganja kikaweza kupita katikati. Kisha akatoboa kifuniko cha ubavuni matundu madogo kama ya kichujio, akafunga feni kwa ndani ili ipulize hewa ya nje kwenye ule mwanya. Mvumo ulishuka.

"Hazilingani hata kidogo," Sindano alisema.

"Kulingana siyo lazima. Muhimu kila mmoja apate hewa."

Ndivyo walivyoanza. Jioni Sindano akiendesha gari la gemu, Bisibisi akikaa na skrini ya pili, akisoma maneno ya watazamaji kwa sauti za kuchekesha. Mchana simu zilipigwa.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe je, mpenzi?"

"Nimekula lehemu."

Baada ya muda joto likarudi ndani ya kasha. Sindano akaanza kuitazama kadi fupi kama mgeni aliyekuja na mkoba usiofunguliwa. Kabla yake nyumba haikuwa hivi. Na Bisibisi naye alibadilika: alikuwa akipitisha kidole juu ya kasha, anakitazama, kisha anakifuta kwenye suruali bila kusema.

Siku moja Bisibisi alipiga simu.

"Mpenzi, kesho unatoka kupeleka lile gauni?"

"Kwa nini?"

"Nauliza tu. Utakawia?"

"Unataka nikawie?"

"Aa, hapana... Basi, safari njema."

Kesho yake, aliporudi kutoka kwa bibi harusi, aliwasha kompyuta, ikabaki imepoa kama mtungi wa maji. Bibi alikuwa anajikanda miguu na kutabasamu peke yake.

"Nani alikuja?"

"Mimi ni mzee, naona wapi?"

Jioni Bisibisi alifika na furaha zake. Vidole vyake vilinuka rangi ya kucha. Sindano aliijua harufu ile. Maharusi wote walikuja nayo. "Umeifanyaje kompyuta?" alimuuliza.

"Nimeibembeleza tu."

Alipokwenda kunawa, mkoba wake ulibaki wazi kitini. Ndani mlichungulia kichupa cha rangi ya kucha nyekundu, na chini yake ukingo wa soksi ndefu ya kike. Sindano hakuigusa. Alihisi hereni ile ikimng'ata tena.

"Nenda," alimwambia alipotoka bafuni.

"Niende wapi?"

"Kwa mwenye soksi iliyo mkobani mwako. Kadi yako nitakuchomolea, utaikuta mlangoni."

"Sindano, nisikilize..."

"Nilishasikiliza mmoja. Inatosha."

Alipoondoka, bibi aliguna. "Kitendawili."

"Bibi, leo sitaki vitendawili!"

"Hujanijibu 'tega', lakini nitatega. Nguo yangu anaivaa asiye na miguu."

"Unanichekea na mimi nimevunjika moyo?"

"Basi utanipa mji," bibi alisema, akajifunika shali.

Asubuhi Sindano alizima kompyuta, akafungua kifuniko cha ubavuni kwa nguvu. Akasimama hivyo hivyo nacho mkononi.

Feni ya kifuniko ilikuwa imevishwa. Soksi ya nailoni ya kahawia ilikuwa imetandazwa kati yake na yale matundu, imekazwa kwa mishono iliyopinda kama njia ya konokono, mishono ya mtu asiyewahi kushika sindano. Kidole cha soksi kilining'inia pembeni, na pale kwenye tundu palikuwa na uzi wa kijani. Uzi wake mwenyewe.

Upande wa nje wa nailoni, manyoya meupe yalikuwa yameganda kama ndevu: nyuzi za lesi, vumbi la satini, kazi yake. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakiziziba kadi zote mbili. Na nyaya za umeme za kadi yake zilikuwa na nukta nyekundu, zisije zikachanganywa na za kadi fupi.

"Bibi! Hii ni soksi yako!"

"Na rangi ya kucha pia. Kwani vidole vyangu vimekufa?"

"Mbona hukuniambia?"

"Aliniapisha. Nilikuwa nimemsimulia Bisibisi jinsi yule wa hereni alivyokuwa akikusema, eti nyuzi zako zimejaa mpaka kwenye chai. Huyu akasema afadhali afiche soksi kuliko kukwambia vumbi ni lako. Soksi ya pili nilimpa ya kubadilishia, ya kwanza ikifuliwa. Mie sasa miguu inaganda."

Sindano alichukua simu. Iliita mara moja tu.

"Kadi yangu iko mlangoni?" sauti ilikuwa nzito.

"Iko mahali pake. Lakini mishono yako, Bisi, ni aibu ya mji mzima. Njoo nikufundishe."

Alikuja na shati limechomekewa pande zote mbili. Alisimama mlangoni, haingii.

"Ilinipasa niulize," Sindano alisema. "Nisamehe."

"Na mimi ilinipasa niseme. Nyuzi zako hazinikeri. Hata kwenye chai."

Akaingia, akarudisha kifuniko, akabonyeza kitufe. Feni zilianza taratibu, zikatulia. Wote wawili walisikiliza kama wazazi wanaosikiliza pumzi za mtoto.

"Kitendawili," alisema Bisibisi, macho kwenye bisibisi yake.

"Tega."

"Hawalingani, wanakaa nyumba moja, na kila mmoja anamwachia mwenzake hewa."

"Kadi zetu hizo."

"Umekosa. Nipe mji."

Sindano alielewa. Alijifanya anafikiri, mashavu yanawaka bila feni ya kuyapoza.

"Nakupa chumba hiki," alisema. "Na cherehani, na nyuzi zake zote. Jibu?"

"Mimi na wewe. Ukikubali."

"Amekubali!" bibi aliita kutoka dirishani. "Sasa, mume wangu, kaninunulie soksi."