Ripoti ya Jioni

Kila jioni, tarumbeta ya kambi ikilia na bendera ikishushwa, Koplo alisimama mlangoni kumngoja mama yake, viatu vya shule vikiwa vimeng'arishwa. Koplo halikuwa jina lake. Alibandikwa jina hilo na mama, sajini fundi wa magari ya jeshi, siku alipopiga saluti yake ya kwanza kwa mkono wa kushoto.

"Ripoti!" mama aliamuru, mikono ikinuka grisi.

"Hali shwari, afande!"

Hapo wote wawili waliangua kicheko, wakaingia ndani kula. Hata mama alipopelekwa mpakani miezi sita, na Bibi mzaa mama akaja kukaa na mjukuu, ripoti ilitolewa kwa simu.

Alhamisi moja mama hakuuliza ripoti. Aliketi mbele ya karatasi mbili: fomu ya jeshi ya kuongeza mkataba au kuondoka, na barua ya chuo kilichomtaka akafundishe ufundi wa magari. Fomu ilitakiwa ofisini kesho yake.

"Bado unaikodolea macho?" Bibi alimchokoza. "Haitajisaini yenyewe hiyo."

"Mama, nimevaa magwanda tangu nina miaka ishirini. Nikiyavua nitakuwa nani?" Akamgeukia binti yake. "Koplo, nilipokuwa mpakani mliishije? Kama mlikuwa salama, nitabaki jeshini."

Jibu lilikuwa tayari ulimini. Koplo aliipenda kambi: tarumbeta, gwaride la Jumamosi, karakana ambako askari walimwachia apige honi za malori. Akisema ukweli, angevipoteza vyote. Akisema shwari, angempoteza mama tena.

"Hali..." Akaitazama fomu mezani. "Hali haikuwa shwari, afande."

Bibi akaacha kukunja nguo.

"Siku ya wazazi nilikuwekea kiti. Nilikaa nacho mpaka viti vikakusanywa. Ulipopiga simu nikasema shwari. Hata nilipougua homa wiki mbili, nilimkataza Bibi asikwambie."

"Nami nikamkubalia," Bibi alisema kwa aibu, "mtu mzima na mvi zangu!"

"Kwa nini, mwanangu?"

"Niliogopa utaniona mimi si askari."

Mama akamvuta kifuani. "Basi pokea na ripoti yangu. Nilikuwa nakwambia nalala vizuri. Uongo mtupu! Nilikuwa nalia chini ya lori, wenzangu wakiuliza nasingizia grisi imeniingia machoni."

Asubuhi alipeleka fomu. Alikuwa ametia alama penye neno "kuondoka".

Sasa wanaishi mtaani, na mama anafundisha chuoni. Saa kumi na mbili jioni hugeuza uso dirishani, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Koplo naye husikiliza. Hakuna tarumbeta.

"Ripoti!" mama aliamuru jana.

"Hesabu nimeanguka, afande. Na viatu sijang'arisha."

"Hiyo ndiyo ripoti! Dereva akinificha kwamba breki zimelegea, nitamruhusu aingie barabarani, na ufundi wangu wote hautamwokoa. Anayekupenda hawezi kutengeneza asichoambiwa. Useme kweli, mwanangu, hata sauti ikitetemeka. Haya, lete hilo daftari tulifungue injini."

Koplo akapiga saluti, kwa mkono wa kushoto.