Maji Yasiyo na Kwao

Mtaani walimwita Mzee Chupa. Kwa miaka mingi alishuka mtoni asubuhi na kikapu cha chupa safi, akachota maji ya kupimwa na ofisi ya maji. Mguu wa kushoto aliuweka juu ya jiwe bapa, wa kulia majini. Kwa hiyo alirudi suruali imekunjwa upande mmoja, na mkewe akamtania kwamba mto umemla nusu.

Kila chupa aliiandika tarehe. Kwenye nafasi ya mahali aliandika neno moja tu: "Palepale." Binti yake alipomuuliza palepale ni wapi, alijigonga paji la uso.

"Ni humu. Kichwa hiki hakivuji."

Mzee akastaafu, binti akashika kazi yake. Alichota popote alipoweza kushukia, naye akaandika palepale, maana ndivyo alivyomkuta baba yake akifanya.

Kisha kikajengwa kiwanda cha ngozi, na bomba lake likatazama mtoni. Maji yakaanza kunuka. Mboga za mke wa mzee zikanyauka. Majuto ni mjukuu, wahenga walisema; wa Mzee Chupa walikuwa watatu, na wote walijikuna mpaka damu. Mwenye kiwanda alisema wasimsingizie. Uchafu ni wa mtaro wa soko, unaoingia mtoni juu kidogo ya bomba lake, tangu zamani.

Akaja mtafiti wa maji, mwanamke aliyevaa mabuti ya mpira. Alieleza kwamba namba za vipimo vya chupa za mzee zilionyesha maji safi miaka yote ile. Kama yalichotwa chini ya mtaro, basi mtaro hauna kosa. Kama yalichotwa juu yake, hayasemi kitu.

Wakashuka wote. Mzee alitangulia, kifua mbele. Akasimama hapa. Akasogea pale. Akarudi.

"Nilikuwa nashukia kushoto kwa daraja," alisema.

"Daraja lipi, baba?" mtafiti aliuliza.

La mbao lilikuwa limezolewa na mafuriko. La zege lilijengwa kwingine. Ukingo ulikuwa umemeguka, na jiwe bapa halikuonekana.

Mkewe akamvuta shati. "Baba watoto, sema ni chini ya mtaro. Watoto wanawashwa. Nani atajua?"

Mzee aliutoa mkono wa mkewe shatini.

"Sijui, mwanangu," alimwambia mtafiti. "Nikikisia, hata zile namba za kweli zitageuka uongo. Nimewaachieni maji yasiyo na kwao."

Mtafiti hakumlaumu. Alimwomba binti akae naye ukingoni.

"Usijiandikie wewe, dada. Mwandikie mtu ambaye hajazaliwa. Huyo hamjui baba yako, wala halijui daraja."

Wakachagua sehemu tatu: juu ya mtaro, kati ya mtaro na bomba, na chini ya bomba. Kila sehemu waliipima kwa kamba kutoka nguzo ya daraja, tena kutoka kona ya shule, maana kimoja kikiondoka kingine kitabaki. Walipiga picha kuelekea maji yanakotoka na yanakokwenda. Binti aliandika saa, nani amechota, kama mvua ilinyesha jana, na lipi limebadilika. Aliandika kwa penseli, kwa sababu wino ukilowa hutoweka. Na aliandika papo hapo, kabla ya kurudi nyumbani. Mzee alimshikia ncha ya kamba.

Mwaka uliofuata binti alijifungua. Ofisi ikamtuma kijana ambaye hajawahi kuuona mto ule. Alisoma maandishi ya binti, akapima, akasimama palepale. Namba zake zikaungana na za binti. Juu ya bomba maji yalikuwa safi. Chini yake, sumu. Kiwanda kikaamriwa kusafisha maji yake kabla ya kuyamwaga.

Mboga zikachipua. Wajukuu wakapona, ila mkubwa amebaki na makovu miguuni.

"Si yamekwisha, baba watoto?" mkewe humwambia.

Mzee huitikia kwamba yamekwisha. Lakini akimwona mjukuu yule amevaa kaptura, hukumbuka kwamba kazi ya mwaka mzima ingemalizwa na mstari mmoja wa penseli. Siku nyingine hushuka mtoni peke yake. Hukunja suruali upande wa kulia, akaingia, akapapasa chini kwa unyayo akilitafuta jiwe lake. Akirudi, amelowa miguu yote miwili, na mkewe hamtanii.